Siri ya Ushindi wa Wamongoli

Wasikilizaji wangu, leo nataka kuwasimulia habari za Wamongoli, taifa la wafugaji wa farasi na kondoo. Walitoka katika mbuga za Asia, upande wa kaskazini wa nchi ya China, nao katika muda usiozidi umri wa mtu mmoja wakazitiisha nchi nyingi, tangu China ya kaskazini mpaka mito ya Urusi na mipaka ya Shamu.

Waandishi wengi wa zamani, Waislamu na Wakristo, walipotaka kueleza ushindi huo walisema kwamba Wamongoli walikuwa wengi kama nzige. Neno hilo si la ajabu. Mtu apigwaye kutoka mbele, akigeuka akapigwa kutoka nyuma, akikimbia akakuta njia imezibwa, hana budi kudhani kwamba adui zake wamejaa dunia nzima. Walakini wataalamu wa historia waliolichunguza jambo hili wameona kwamba mara nyingi majeshi ya Wamongoli hayakuwa makubwa kuliko ya adui zao, na pengine yalikuwa madogo. Basi siri yao haikuwa wingi. Siri yao ilikuwa mwendo: walijua kumfanya adui asimame mahali walipotaka wao, na wao wenyewe wasiwe mahali alipotaka yeye. Tutalitazama jambo hilo katika habari nne za vita, na katika ile ya nne tutaona jinsi siri hiyo ilivyowageukia wenyewe.

Kwanza imetupasa kujua maisha yao. Mongolia ni nchi ya majani na baridi kali. Mvua yake ni chache, wala haifai sana kwa kilimo. Watu wake waliishi katika mahema ya duara, yaliyofunikwa kwa sufu iliyoshindiliwa, wakahama na wanyama wao kufuata malisho. Mtoto alijifunza kupanda farasi tangu angali mdogo, na kupiga uta kabla hajawa mtu mzima. Uta wao haukuwa wa mti mtupu: ulitengenezwa kwa mti, pembe na kano za wanyama zilizogandishwa pamoja, mfupi wa kutosha kutumiwa juu ya farasi, lakini wenye nguvu nyingi. Tandiko lilikuwa na vikuku vya kutilia miguu, hata mpanda farasi aliweza kugeuka akapiga mishale nyuma yake hali farasi anakwenda mbio. Tena kila askari alichukua farasi kadhaa. Mmoja akichoka, alipanda mwingine. Farasi hao walikula majani ya njiani, na wakati wa theluji walijua kuiparua kwa kwato zao wapate majani yaliyo chini. Askari nao walikula nyama na kunywa maziwa ya wanyama wao. Kwa hiyo jeshi lao halikungoja magari ya nafaka kama majeshi mengine. Palipokuwa na majani, hapo palikuwa na njia.

Makabila ya mbuga hizo yalikuwa yakipigana yenyewe kwa yenyewe siku nyingi, mpaka alipotokea mtu jina lake Temujin. Mwaka 1206 wakuu walikusanyika karibu na mto Onon, wakampa jina la Chinggis Khan, naye ndiye ambaye watu wa Ulaya wamezoea kumwita Genghis Khan. Aliwapanga watu wake kwa makumi: askari 10 na mkuu wao, 100 na mkuu wao, 1,000 na mkuu wao, na 10,000 na mkuu wao. Watu wa makabila mengi akawachanganya katika vikosi hivyo, ili mtu asifuate ukoo wake bali afuate amri. Wala ukubwa haukutolewa kwa nasaba tu. Subutai, ambaye jina lake mtalisikia mara nyingi katika mazungumzo haya, yasemwa alikuwa mwana wa mhunzi, naye akawa jemadari mkuu kuliko wote.

Shule yao ya vita ilikuwa msako wa wanyama. Wakati wa baridi maelfu ya wapanda farasi walijipanga katika mstari mrefu sana, kisha pande mbili za mstari zikatangulia mbele, zikapinda, zikakutana, wanyama wote wakawa wamo ndani ya duara. Ndipo duara likakazwa siku kwa siku, na mtu aliyemwacha mnyama atoroke mahali pake aliadhibiwa. Ninyi mliowahi kwenda msakoni mwajua ugumu wa kazi hiyo hata kwa watu hamsini. Kwa msako huo askari wa Kimongoli alijifunza kushika nafasi yake ingawa hamwoni mkuu wake, kupokea habari kwa matarishi na kwa bendera, na kwenda mbalimbali na wenziwe hali wote wafika mahali pamoja kwa siku moja.

Sasa na tuitazame habari ya kwanza. Magharibi ya Mongolia, katika nchi ambazo leo ni Uzbekistan, Turkmenistan na Uajemi, alitawala Sultani Muhammad, Shah wa Khwarazm. Miji yake ya Bukhara na Samarkand ilikuwa miji ya elimu, misikiti na biashara. Mwaka 1218 msafara wa wafanya biashara wapata 450, wengi wao Waislamu, ulifika kutoka kwa Chinggis Khan katika mji wa Otrar, kando ya mto Syr Darya. Liwali wa mji aliitamani mali yao. Akawashtaki kuwa ni wapelelezi, akawaua, na mali akaichukua. Chinggis Khan akatuma wajumbe kudai haki. Shah akamwua mkubwa wa wajumbe hao, na wenziwe akawanyoa ndevu, akawarudisha kwa aibu. Kwa tamaa ya liwali mmoja na kiburi cha mfalme mmoja, watu wengi mno wasiojua lolote la shauri hilo walikuja kulipa.

Shah alikuwa na askari wengi, lakini hakuwaamini majemadari wake. Alichelea kwamba akiwakusanya mahali pamoja watampindua. Basi akawagawa katika miji, kila mji na kikosi chake nyuma ya kuta. Alidhani kwamba watu wa mbugani hawajui kuvunja kuta, watapora mashambani kisha watarudi kwao. Hapo ndipo alipojiponza. Kila mji ulikuwa sasa peke yake, kama mnyama aliyetengwa na kundi. Tena Wamongoli walikuwa wamekwisha kujifunza kwa mafundi wa China kazi ya kuvunja kuta.

Mwaka 1219 Chinggis Khan alifika Otrar, akaligawa jeshi lake mafungu manne. Fungu moja, chini ya wanawe Chagatai na Ögedei, lilibaki kuuhusuru mji huo. La pili, chini ya mwanawe mkubwa Jochi, lilishuka na mto Syr Darya kuiteka miji ya kando yake. La tatu, lililokuwa dogo, lilipanda na mto kwenda Khojand. Macho yote ya Shah yakawa kwenye mto huo. Walakini fungu la nne, aliloliongoza Chinggis Khan mwenyewe pamoja na mwanawe Tolui, lilikuwa limeingia katika jangwa la Kyzylkum, maana yake Mchanga Mwekundu, likiongozwa na mtu aliyezijua njia zake. Hapana aliyetazamia kwamba jeshi kubwa litatokea upande huo. Mwezi wa Februari, mwaka 1220, watu wa Bukhara waliwaona wapanda farasi nje ya malango yao, hali wao walijua kwamba vita viko mbali, kule mpakani. Simba mwenda kimya ndiye mla nyama.

Askari wa Bukhara wakatoka usiku ili wakimbie. Wakafuatwa, wakauawa karibu na mto Amu Darya. Mji ukafungua malango yake. Ngome ya ndani ilishindana siku chache, ikaanguka, na sehemu kubwa ya mji ikateketea kwa moto. Kisha Wamongoli wakawachukua vijana wa Bukhara, wakawaswaga mbele yao kwenda kuushambulia Samarkand, ili mishale ya ndugu zao wa Samarkand iwapate wao kwanza. Mwezi wa Machi Samarkand nao ukaanguka. Shah akakimbia, na Jebe na Subutai wakamfuata mji hata mji, bila kumpa nafasi ya kukusanya watu, mpaka akafa katika kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaspi karibu na mwisho wa mwaka ule. Tangu adui alipouvuka mpaka wake, hakupata kupigana hata pigano moja kubwa kwa ajili ya milki yake. Kuta zake hazikumlinda; zilimfunga, naye adui akawa huru kuchagua mahali na siku.

Habari ya pili ni ya mto Kalka. Jebe na Subutai, baada ya kumfuata Shah, hawakurudi njia waliyojia. Waliizunguka Bahari ya Kaspi, wakapita katika milima ya Kaukazi, wakatokea katika mbuga zilizo kaskazini ya Bahari Nyeusi. Huko waliishi Wakipchak, wafugaji kama wao, nao wakapigwa, wakawakimbilia jirani zao, wakuu wa nchi ya Rus. Nchi hiyo ni ile ambayo leo imegawanyika kati ya Urusi, Ukraine na Belarus. Mwaka 1223 wakuu hao walikusanya jeshi kubwa pamoja na Wakipchak, na wajumbe wa Wamongoli wakawaua. Wamongoli wakarudi nyuma. Warusi walipoona adui anakimbia walifurahi, wakamfuata zaidi ya juma zima, wenye farasi wazuri wakatangulia na wengine wakachelewa, mpaka jeshi likawa limetawanyika njia nzima. Hata walipofika mto Kalka, wale wakimbizi wakageuka. Wakipchak walivunjika kwanza, wakakimbia kwa kupita katikati ya Warusi, wakawavuruga. Mstislav, mkuu wa Kiev, hakuwa ameingia vitani pamoja na wenziwe. Alijizungushia boma kilimani, akashindana siku tatu, kisha akajitoa kwa ahadi ya usalama, akauawa. Yafaa tukumbuke kwamba Warusi hawakukosa ushujaa siku ile. Walikosa shauri moja, wakaacha adui ndiye awachagulie mahali pa kusimama.

Habari ya tatu yatupeleka Ulaya. Chinggis Khan alikufa mwaka 1227, na Ögedei akashika mahali pake. Jeshi likatumwa magharibi chini ya Batu, mjukuu wa Chinggis Khan, na Subutai akiwa mwenye shauri la vita. Walipiga nchi ya Rus katikati ya majira ya baridi, wakati ambapo majeshi mengine hukaa nyumbani, maana mito iliyoganda iliwawia barabara. Ryazan ulianguka Desemba 1237, Vladimir Februari 1238, na Kiev Desemba 1240. Kisha wakaielekea nchi ya Hungaria, na hapo tena wakajigawa. Fungu moja lilikwenda Polandi ili watu wa huko wasipate kuwasaidia Wahungaria. Tarehe 9 Aprili 1241 fungu hilo lilimshinda na kumwua Mtawala Henry wa Silesia karibu na mji wa Legnica. Siku mbili tu baadaye, tarehe 11 Aprili, ng'ambo ya milima ya Karpati, Batu na Subutai walipigana na Béla, mfalme wa Hungaria, mahali paitwapo Mohi, kando ya mto Sajó.

Hapo napo Wamongoli walikuwa wamerudi nyuma siku kadhaa, wakimvuta mfalme amfuate adui wake mpaka mto ule. Wahungaria wakapiga kambi, wakayapanga magari yao kuizunguka kama ukuta. Usiku Batu akalishambulia daraja, akitumia mitambo ya kurushia mawe kuwafukuza walinzi, na macho ya Wahungaria wote yakawa darajani. Wakati huo huo Subutai alikuwa chini zaidi ya mto, akijenga daraja lake la haraka gizani. Kulipopambazuka, kambi ilikuwa imezungukwa. Walakini upande mmoja, wa magharibi, haukuzibwa. Jambo hilo halikuwa uzembe, bali lilikuwa hila kuliko zote. Mtu asiye na njia hupigana mpaka kufa; mtu aonaye mlango wazi hufikiri habari ya roho yake tu. Wahungaria wakaanza kuponyoka kwa mlango ule, wawili watatu, kisha kwa mamia, wakatupa silaha zao wapate kukimbia vizuri, na Wamongoli wakawafuata pande mbili za njia wakiwaua. Mfalme Béla aliponyoka. Mwaka uliofuata Wamongoli waliiacha nchi hiyo, na katika sababu zitajwazo ni kifo cha Ögedei, aliyefariki Desemba 1241. Lakini nyuma yao waliacha vijiji vitupu na njaa.

Tukizikusanya habari hizi tatu, twaona mambo yale yale. Walijua habari za nchi ya adui kabla ya kuiingia. Walikwenda mbalimbali, wakapiga pamoja. Walitokea mahali wasipotazamiwa. Walikimbia ili wafuatwe, na walifungua mlango ili adui asipigane. Katika yote hayo mwili wa adui ulipigwa mwisho. Kilichopigwa kwanza ni shauri lake.

Lakini silaha ya namna hii haina mwenyewe. Aliyepigwa nayo aweza kujifunza kuitumia. Hii ndiyo habari ya nne. Kumbukeni wale Wakipchak. Wamongoli waliporudi katika mbuga zao, watu wengi wa taifa hilo walitawanyika, na vijana wao wakauzwa utumwani. Wengi walinunuliwa na masultani wa Misri, wakasilimishwa, wakafundishwa vita, wakawa askari walioitwa Mamluk, yaani wenye kumilikiwa. Mwaka 1250 askari hao walishika wenyewe utawala wa Misri. Mmoja wao alikuwa Mkipchak aliyeuzwa angali kijana, jina lake Baybars.

Mwaka 1258 Hulagu, mjukuu mwingine wa Chinggis Khan, aliuteka Baghdad, akamwua Khalifa al-Musta'sim pamoja na watu wengi wa mji. Mwaka 1260 akaingia Shamu, akateka Halab, na Dameski ukajitoa. Kisha habari zikamfikia kwamba Khan Mkuu, ndugu yake Möngke, amekufa. Tena nchi ya Shamu wakati wa kiangazi haikuwa na majani wala maji ya kuwatosha farasi wengi namna ile. Na jeshi lililokula majani ya njiani halina nguvu pasipo na majani. Hulagu akarudi kaskazini na sehemu kubwa ya askari wake, akamwacha jemadari Kitbuqa na kikosi kidogo.

Sultani wa Misri, jina lake Qutuz, hakungoja nyuma ya kuta za Kairo. Alikuwa amewaua wajumbe wa Wamongoli, naye alijua kwamba hapana tena njia ya kurudi. Akatoka kumlaki adui katika nchi ya Palestina, mahali paitwapo Ain Jalut, maana yake Chemchemi ya Jaluti. Siku ile ilikuwa tarehe 3 Septemba 1260, sawa na mwezi 25 Ramadhani, mwaka wa 658 wa Hijra. Baybars akatangulia na sehemu ya jeshi, akapigana, akarudi nyuma, akapigana tena, akarudi nyuma. Kitbuqa akamfuata. Kwa hila ile ile ya Kalka, Wamongoli wakavutwa mpaka mahali alipotaka mtu mwingine, na jeshi lililofichwa likatokea. Pigano lilikuwa kali. Upande mmoja wa Wamisri uliyumba, ndipo Qutuz akaivua kofia yake ya chuma, askari wapate kuuona uso wake, akaingia mwenyewe vitani. Kitbuqa akauawa, na jeshi lake likavunjika. Wamongoli walikuja Shamu tena mara kadhaa katika miaka iliyofuata, lakini Misri hawakuifikia kamwe.

Wasikilizaji wangu, ustadi wa Wamongoli katika vita ulikuwa mkubwa, nasi twaweza kuustaajabia kama tustaajabiavyo ustadi wa chui. Lakini ustadi si haki. Mwendo ule wa jangwani uliomshangaza Shah ndio uliowafikisha wenye moto katika vitabu vya Bukhara; na mlango ule uliofunguliwa pale Mohi ulikuwa mlango wa kaburi. Tena haifai kusahau mahali habari hizi zilipoanzia. Vita vile vya Khwarazm vilianza sokoni Otrar, mtu mwenye mamlaka alipotamani mali ya wasafiri, na mkubwa wake, alipoombwa haki, akajibu kwa upanga. Baadaye Shah alitafuta kuta za kumlinda, asizione. Mali za wale wafanya biashara zilikuwa mizigo ya ngamia tu. Angaliwalipa jamaa zao na kumhukumu liwali wake, zingalimgharimu kidogo kuliko matofali ya ukuta mmoja wa Samarkand.